Vijiti Kwenye Damu ya Kinyozi

Kinyozi alikuwa wiki ya tatu wodini kwa saratani ya damu. Dawa zilikuwa zimemmaliza nywele na kinga ya mwili, ila ulimi ulibaki mzima. "Nimenyolewa bila wembe," aliwaambia wauguzi. "Kazi safi, sina la kulaumu."

Kisha homa ikampanda na utani ukakoma. Alipewa dawa za bakteria siku nne, homa ikagoma. Daktari akamtoa damu, ikapelekwa maabara.

Huko kulikuwa na mama mmoja waliyemwita Bi Hadubini, maana jicho lake halikubanduka kwenye hadubini. Aliona kuvu, chembe za mviringo zinazochipuka, akapiga simu papo hapo. Dawa ya kuvu ikaanza. Siku mbili zikapita, homa ile ile.

Kuvu ilipoota vizuri kwenye kisahani cha kuoteshea vijidudu, Bi Hadubini akaitazama upya. Katikati ya zile chembe mlikuwa na vijiti vifupi, vimekatikakatika. Vitu hivyo alikuwa ameviona mara moja tu, enzi za chuo. Hakugusa simu, alipanda ngazi mbili mbili.

"Daktari, kuvu hii siyo ile tuliyodhani. Ni ya nadra, na dawa mnayompa haiidhuru."

"Una hakika?"

"Njoo uone mwenyewe."

Daktari akaona. Mchana ule ule dawa ikabadilishwa, na mpira wa kupitishia dawa uliokuwa kifuani kwa Kinyozi, ambamo kuvu ilijibanza, ukatolewa.

Asubuhi ya tatu mkewe alimgusa paji la uso, akaligusa tena, akapiga ukelele. Homa imeshuka!

Kinyozi akafumbua jicho moja. "Mama watoto, taratibu. Humu kuna wagonjwa."

Wodi nzima ikaangua kicheko.

Damu ilipopimwa tena ilikuwa safi. Matibabu ya saratani yalibaki, lakini siku hiyo nani alijali? Mke akauliza aliyeigundua kuvu ni nani, akaenda kumleta kwa mkono, akimwita dada.

"Miaka ishirini nawajua wagonjwa kwa namba za chupa tu," Bi Hadubini alisema, machozi yakimlengalenga.

"Mimi nilikuwa ngapi?" Kinyozi akauliza.

"Mia nne na saba."

"Futa. Mke wangu keshakuita dada, basi andika shemeji."