Koti la Mjomba Revokatus

Sultani aliingia msibani amevaa koti la marehemu. Akasimama kando ya jeneza, akakunja mgongo, akaanza kuilalamikia theluji ya Buffalo, Marekani, kwa sauti ileile ya Mjomba Revokatus: "Wazungu wameacha friji wazi, halafu wananiambia ni mwezi wa nne."

Meneja wa ile nyumba ya mazishi, pale Lackawanna jirani na Buffalo, alimshika mkono amtoe nje.

"Mwache," alisema Belinda, mke wa mjomba. "Huyo ni mtani wetu."

Sisi Wanyamwezi, yeye Mzaramo. Alikuwa ameendesha gari kutoka Louisville kutwa nzima, maana msiba usio na mtani wa kumwigiza marehemu umepooza. Belinda akacheka, kisha akalia, mara ya kwanza tangu mumewe afariki. Nami niliona wazi kwamba Sultani alikuwa amemsikiliza mjomba kuliko sisi ndugu zake.

Wiki tatu baadaye nilitetea tasnifu yangu ya udaktari, chuoni Columbus. Miaka mitano nilikuwa nimejifungia chumbani, mtaa wa Linden, na riwaya za Kijerumani za kisasa, zile zinazoziiga kwa kejeli riwaya za babu zao: sentensi ndefu za kizee, mawaidha kwa msomaji, unyenyekevu wa uongo. Msimamizi wangu alishikilia kwamba mwandishi huiga hivyo kile anachotaka kukizika. Sura yangu ya tatu ilimkatalia, na baada ya msiba nilimtia Sultani humo.

"Ifute, Leokadia, au hupiti," msimamizi alisema mbele ya jopo. "Mazishi ya kwenu hayahusiani na riwaya ya Kijerumani."

Hasira zilinipanda. Nilijua ningeweza kurudi Tabora mikono mitupu, na sikujali. Nikavua miwani, nikaisugua kwa tai nisiyokuwa nayo, nikaitazama dari, nikasema kwa sauti ya msimamizi ya kukwaruza: "Uigaji, mabibi na mabwana, ni kaburi."

Mmoja wa wanajopo alikohoa ili asicheke. Msimamizi mwenyewe alikuwa na miwani yake mkononi, ncha ya tai juu ya kioo.

"Kwa hiyo na mimi umenizika?"

"Hapana, Profesa. Nimekusikiliza miaka mitano."

Alivaa miwani yake polepole, akaomba kalamu ya kutia saini.

Sura ya tatu ipo mpaka leo. Sultani yumo, amevaa koti.