Kavugho Mwingine

"Kavugho!" askari aliita kutoka mlangoni, na wanawake wanne wakasimama.

Waliobaki kwenye benchi wakacheka. Askari aliitazama tena karatasi yake, akaona ameishika juu chini, akaigeuza. Kwa Wanande mtoto wa kike wa tatu ni Kavugho, awe amezaliwa kwa tajiri mwenye malori au kwenye kibanda cha mabati. Ukiliita jina hilo sokoni Beni, nusu ya wauza mboga ya lengalenga watageuka.

"Kavugho gani, papa?" mmoja akauliza.

"Kavugho Florentine."

Watatu wakaketi. Florentine akabaki amesimama peke yake, bahasha kifuani. Alikuwa ametoka kwao Mulekera alfajiri kwa miguu, mvua ikamkuta njiani, na kitenge chake kilikuwa bado kimelowa hadi magotini. Tangu jana mchana hakuwa amekula kitu. Bahasha tu ndiyo ilikuwa kavu.

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na moja, Beni ikiwa mikononi mwa waasi. Walikuwa na serikali yao, mihuri yao na Huduma yao ya Ukaguzi wa Mizigo. Wafanyabiashara wa Butembo walikuwa wamechoka. Karatasi za malori yao kule mpakani Kasindi zilijazwa na watu wasiojua kusoma. Wakalalamika mpaka wakasikika. Ndipo ukatangazwa mtihani wa kazi, kwa haki na bila upendeleo, tangazo lilisema hivyo.

Ndani walikuwa wanaume watatu mezani. Katikati alikaa mkuu wa huduma, chef Phinées, mwenye miwani. Kulia kwake mwandishi wake, Mbusa. Kushoto, kiti kikiwa kimesogezwa nyuma kidogo, alikaa komanda mmoja aliyevaa sare, ambaye hakuna aliyemtambulisha.

"Diplôme iko wapi?" Phinées akauliza.

"Iko hapa, chef. Commerciale et administrative. Soixante-huit pour cent."

Phinées akainua macho. Asilimia sitini na nane, katika biashara na utawala, si mchezo. Siku matokeo yale yaliposomwa redioni, mtaa mzima ulikuja kumpa mkono mama yake. Phinées akamsogezea fomu. "Lori imetoka Uganda, iko Kasindi. Sabuni, mafuta, samaki ya chumvi ya Kyavinyonge. Jaza."

Florentine akajaza. Alipofika mstari wa tatu akasimama.

"Chef, mais hii samaki hapana toka Uganda. Kyavinyonge njo kwetu huku Congo. Hapana lipa taxe ya mupaka."

Phinées akakohoa. Wote watatu walijua samaki yule alikuwa analipishwa pale mpakani tangu mwaka juzi. Kisha komanda akacheka, akavuta kiti chake mbele.

"Huyu eko na akili mingi. Jina yako nani tena?"

"Kavugho Florentine, mon commandant."

"Kavugho." Alilitafuna polepole. "Hiyo jina hapana ya weye peke yako, hein?"

"Hapana, mon commandant. Beko mingi."

Wakacheka wote, na Florentine akacheka nao, kwa kuwa anayeomba kazi hucheka wanapocheka wenye kazi.

"Acha original," Phinées akasema.

"Chef, niko na photocopie."

"Photocopie, ata batu ya soko banafanya. Original. Tunahakikisha tu."

Sasa hapo ndipo penyewe. Florentine alifanya mtihani wa serikali mwaka tisini na saba, na diploma ikaletwa kwa ndege kutoka Kinshasa katikati ya tisini na nane. Wiki chache baadaye vita vikaanza na nchi ikakatika vipande. Kinshasa ilikuwa upande wa pili wa bunduki. Hapakuwa na posta ya kupeleka barua ya kuomba nakala nyingine. Mama yake, Anne-Marie, aliifunga diploma ndani ya mfuko wa nailoni, akaificha kwenye mtungi wa maharage, na asubuhi ile alipoitoa alisema neno moja tu: isitoke mkononi mwako.

"Munipe-ko ata ka karatasi ya kuonyesha mumepokea," Florentine akasema.

"Unaogopa serikali?"

"Hapana, chef."

"Donc? Shida nini?"

Akaiachia. Phinées akaiweka chini ya kiwiko chake. "Ngoja. Tutaita ku radio."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo ya nyumba ile yalikuwa yameanza kuuma zamani. Shamba lao lilikuwa ng'ambo ya Mulekera, mahali ambapo sasa wenye bunduki ndio waliovuna. Mama na binti walilima vipande vya wengine na kulipwa beseni la mihogo. Jioni, ikikaribia saa kumi na mbili, waliweka majembe chini wakaenda kwa mzee Siméon, aliyekuwa na redio. Matangazo yalisomwa kwa zamu: misiba, mbuzi waliopotea, vitambulisho vilivyookotwa. Florentine alijua sasa jina la kila mbuzi wa Beni.

Mara mbili alirudi ofisini. Mara zote mbili Mbusa alimjibu, bila kuinua kichwa, kwamba faili linangoja saini.

"Dossier iko ku signature."

"Ku signature ya nani, papa?"

"Ku signature."

Kwenye shirika moja la misaada pale mjini walitafuta mtunza ghala. Akaenda. Wakamwomba diploma, akasema iko kwa wakubwa inahakikishwa. Yule bibi wa mapokezi alimtazama kwa huruma, huruma ile wanayopewa waongo maskini.

Wiki ya saba, siku ya Alhamisi, redio ikakwaruza, na sauti ikasoma, kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili: mkaguzi wa karatasi, kituo cha Kasindi, Kavugho Florentine, asilimia sitini na nane.

Anne-Marie alipiga kigelegele mpaka mzee Siméon akaziba masikio. "Wasingya, Nyamuhanga! Wasingya!" alimshukuru Mungu, akicheza na jembe mkononi. Majirani wakaja. Mmoja alileta kuku, akisema Florentine asimsahau mwanawe akifika Kasindi. Florentine alilia, hakujali nani anamwona.

Jumatatu alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Mbusa.

"Kavugho Florentine?" Mbusa akafungua daftari. "Huyu alishakuja Ijumaa. Alibeba barua yake, akaenda Kasindi."

"Papa, Kavugho Florentine njo miye."

"Beko mingi. Weye mwenyewe ulisema."

"Na soixante-huit? Beko mingi ba soixante-huit?"

Mbusa akafunga daftari. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni, kisha akatazama mlango. "Mama, sikiliza. Diplôme iko mu dossier. Dossier iko na jina. Jina iko na mutu, na mutu eko ku kazi. Mambo imeisha."

"Basi munirudishie karatasi yangu."

"Karatasi ya nani?"

Alikaa uani mpaka adhuhuri akimngoja chef Phinées. Phinées alitoka, akapita karibu naye kiasi cha kuguswa, akapanda gari. Vioo vya miwani vilikuwa safi kabisa, alimwona.

Hakurudi nyumbani. Angemwambia nini mama aliyekwisha kula kuku wa jirani? Alipanda juu ya magunia ya kahawa kwenye lori lililokuwa linakwenda mpakani, akiwa na photocopy yake tu. Njia nzima alijipangia maneno. Angemkuta mwizi, angemshika shingoni mbele za watu, na yatakayokuwa na yawe.

Kituo cha Kasindi kilikuwa chumba cha mbao chenye dirisha moja. Nje, malori sita, madereva wakipiga honi na kutukana. Ndani, nyuma ya rundo la fomu, alikaa msichana wa miaka ishirini hivi, kucha nyekundu, macho mekundu pia. Dereva mmoja alikuwa amemwinamia.

"Tangu asubuhi, chef! Samaki wangu banaoza mu gunia! Ni hii karatasi moja tu!"

Fomu iliyokuwa mbele ya msichana ilikuwa imefutwafutwa mpaka imetoboka. Florentine aliingia, akaweka photocopy juu yake.

"Weye njo Kavugho Florentine?"

Msichana akasoma. Alisoma kwa shida, midomo ikicheza. Kisha akanong'ona, akimwita kama dada mkubwa, "Yaya, fungaka mulango."

Mlango ukafungwa, honi zikabaki nje.

"Miye naitwa Séphora," msichana akasema. "Niko mutoto wa pili. Ata Kavugho sikuzaliwa. Commandant alinibeba kwetu mwaka jana, hakuuliza mama, hakuuliza mutu. Sasa alisema nitaitwa hii jina. Nikikataa nitaenda wapi?"

Maneno yote ya njiani yakamwishia Florentine. Alitamani awe amekuta mwizi.

"Diplôme yangu iko wapi?"

"Mu sanduku yake ya chuma. Ufunguo eko nao mu shingo." Séphora akasukuma rundo la fomu. "Nisaidie-ko hizi tu, yaya. Akisikia kazi inaenda muzuri, atafurahi. Siku atafurahi, nitamuomba karatasi yako. Naapa."

"Siku gani?"

"Ngoja-ko kidogo."

Nje dereva akapiga mlango kwa ngumi. Florentine alitazama ile fomu iliyotoboka. Akakaa. Akachukua mpya, na kabla ya jioni malori yote sita yalikuwa yamepita.

Hiyo ilikuwa Machi. Mwezi wa sita alikuwa bado amekaa pale, kwenye kigoda cha nyuma, na kila wiki Séphora alimpa samaki wa chumvi wa kutuma nyumbani. Mama yake alirudisha salamu na madereva: watu wote wa Mulekera wanajua mtoto wake ni mkubwa Kasindi, na Jumapili alitoa misa ya shukrani. Komanda alikuja mara tatu, akakuta malori yanapita, akafurahi. Mara ya tatu alimwona Florentine kigodani, akacheka kama siku ile.

"Kazi inaenda," akamwambia Séphora. "Huyu usimuachilie."

Séphora hakuomba karatasi siku hiyo. Florentine alimwona akifungua mdomo, na alimwona akiufunga.

Walikubaliana hivi: Florentine anajaza na kutia saini, kwa kuwa saini lazima ifanane na ile ya kwenye diploma, na Séphora anagonga muhuri. Siku ya mwisho ya mwezi huo dereva mmoja mzee wa Butembo, mwenye samaki wa Kyavinyonge, alipokea karatasi yake dirishani. Nafasi ya ushuru wa samaki ilikuwa tupu. Hiyo Florentine hakuwahi kuijaza. Mzee alishangaa, akaisoma mpaka chini, kidole juu ya saini.

"Kavugho Florentine," akasoma kwa sauti. Uso wake ukakunjuka. "Wasingya kutsibu, Kavugho. Tangu vita ianze, mutu wa kunifanyia haki ni weye."

"Eeh, papa," Florentine akaitika.

Mzee akamtazama pale chini kigodani, akacheka kwa upole.

"Hapana weye, mama. Naongea na chef."

Séphora aliinamisha uso, muhuri mkononi. Florentine akavuta fomu iliyofuata, akaanza kuijaza kutoka chini, pale penye jina.