Migomba Sita ya Kiingereza

Nimekata migomba sita kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu ya Kiingereza, na Kiingereza chenyewe sikijui. Nilisoma hadi darasa la saba, na hapa kwetu Muleba nasoma masomo kanisani bila kukwama, lakini lugha hiyo ilinipita pembeni. Nasimulia mwenyewe kabla jirani yangu Mujuni hajawasimulia, maana yeye hutia chumvi.

Mjukuu wangu Evelyne naishi naye tangu mama yake alipoolewa Karagwe. Shule ya msingi hakuwahi kutoka nje ya watano bora. Sekondari ikaja, kila somo Kiingereza, mtoto akafifia. Mwezi wa sita, akiwa kidato cha pili, alileta ripoti: Kiingereza kumi na nane, na biolojia na historia zimefuata mkumbo.

"Si kwamba sijui, bibi," alisema. "Sielewi swali linauliza nini."

Novemba kulikuwa na mtihani wa taifa, na anayefeli hurudia kidato. "Mimi sirudii," akasema. "Nikifeli naenda kwa shangazi kujifunza cherehani." Sina ugomvi na cherehani, lakini huyu tangu darasa la tatu anasema atakuwa nesi, na alikuwa akiwafunga vifaranga wangu bandeji. Niliogopa. Nilijua mtoto huyu akisema jambo kwa upole hivyo, ameshakata tamaa.

Nikaamua kumsaidia. Alikuwa na daftari, kushoto maneno ya Kiingereza, kulia Kiswahili, maneno ishirini kila siku kama yalivyoandikwa ubaoni. Jioni nalishika daftari, yeye anapepeta maharage na kuyataja yote ishirini bila kosa. Nilijisifu kwa majirani. Siku moja nikaanza na neno la kumi na nne. Nikaona midomo inacheza. Alikuwa amerudi kwenye la kwanza, anashuka moja moja hadi alifikie, kama mtu anayesali rozari. Nikajaribu la tisa, akarudi tena juu. Kumbe mtihani hautamngojea asali.

Kesho yake nikaenda shuleni kumwona mwalimu Karugendo. Ni kijana mwembamba, na nilikuwa nimejiandaa kugombana naye, ila hakunipa nafasi.

"Bibi, nina wanafunzi tisini chumba kimoja," alisema. "Naandika, wananakili, maneno yanabaki daftarini. Niachie Evelyne, nitaongea naye."

Nikamwachia. Walichoongea sikukiuliza, na hapo ndipo kosa langu lilipoanza.

Wiki hiyohiyo bwana shamba alipita kijijini. Mnyauko wa migomba ulikuwa umeingia kijiji cha pili, akatuambia atakagua vibanja vyote vya migomba. Mgomba atakaoukuta mgonjwa ataufunga utepe mwekundu, na mwenyewe aukate mara moja kabla haujaambukiza mingine. Usiku ule sikulala vizuri. Asiye na kibanja hawezi kuelewa. Kile ni chakula, ni kaburi la mume wangu Onesphory, ni kila kitu.

Jumamosi nikaenda Bukoba kwenye ubatizo wa mtoto wa mpwa wangu. Niliporudi Jumatatu mchana, Evelyne alikuwa shuleni. Nikapita nyuma ya nyumba, nikaona utepe mwekundu kwenye mgomba. Nikaona wa pili. Nikahesabu sita, kila mmoja na karatasi ndani ya nailoni ya mkate. Nikafungua moja. Kiingereza. Nikasema basi, hii ni ya serikali.

Sikupoteza muda. Niliwasha moto uani nipitishe panga kila baada ya mgomba mmoja, kama tulivyofundishwa, nikaanza kukata. Mgomba wenye mnyauko ukiukata hutoa usaha wa njano. Wa kwanza ulitoa maji safi. Wa pili, maji safi. Nimelima migomba miaka arobaini na mitano, na macho yangu yaliniambia kwamba mti huu ni mzima. Lakini mtaalamu ameshaandika, tena kwa Kiingereza, mimi ni nani? Nikaendelea hadi wa sita, ule wa mlango wa jikoni.

Evelyne akatokea na begi mgongoni.

"Bibi! Unafanya nini? Maneno yangu!"

Nikainama kuutazama ule utepe vizuri. Lilikuwa gagulo langu jekundu la zamani.

Sitaki kurudia niliyoyasema. Nilianza na gagulo, nikaja kwenye migomba, nikamalizia na mwalimu wake. Evelyne akakaa chini katikati ya majani. Mwalimu alikuwa amemwambia kila neno alitafutie kitu cha nyumbani kinachofanana nalo, alifunge pale, akipita alitungie sentensi. Alitaka kunishangaza nikirudi.

"Basi, bibi," alisema. "Naacha shule. Kiingereza hakinitaki, na sasa kimetumalizia migomba."

Hasira ikanitoka yote kwa mara moja. Aliyekosa ni mimi, niliyeamini karatasi nikayakana macho yangu. Nikanyoosha panga kwenye mgomba wa nne.

"Huu ulikuwa na neno gani?"

"*Lean*," alisema, huku anajifuta kamasi. "Kuegemea. Ulikuwa umeuegemea mbuni wa kahawa."

"Na ule wa pili?"

"*Gift*. Zawadi. Mche wake alikupa mama Rutaihwa."

Nikamrudisha nyuma, nikamrusha mbele, nikamuuliza wa tano kabla ya wa kwanza. Alijibu palepale, na midomo haikucheza. Nikabakiza ule wa jikoni.

"*Inherit*," alisema polepole. "Kurithi. Kwa sababu babu aliupanda mwenyewe."

Nikakaa chini naye. Nilimlilia Onesphory, nililia kwa aibu, na katikati ya kilio nikafurahi, maana mtoto alikuwa amejibu yote sita na hakurudi juu hata mara moja.

"Bojo, tafadhali, nyamaza," nikamwambia. "Ndani kuna gagulo lingine. Lete mkasi."

Kuanzia siku hiyo tulifunga kila kitu. Mlango, jembe, mibuni, kitanda changu, mpaka mbuzi, ambaye alikula karatasi yake mara mbili. Jioni tulizunguka kibanja, yeye anatunga sentensi, mimi namwelekeza kwa fimbo nitakako. Mujuni alisema nimerukwa na akili. Nilimpa mkungu mmoja akanyamaza, maana mikungu sita michanga tusingeimaliza wenyewe.

Novemba akafanya mtihani. Aliniambia kuna neno moja lililokataa kuja, akafumba macho, akaanza kutembea kwa mawazo kutoka mlango wa jikoni mpaka akalikuta.

Januari matokeo yakatoka. Amefaulu, na Kiingereza amepata C. Nilipiga vigelegele hadi Mujuni akaja mbio akidhani kuna msiba. Tepe zote tulikuwa tumeshazitoa, lakini mchana ule nilichukua moja iliyobaki, nikaenda jikoni. Kwenye kisiki cha Onesphory mche ulikuwa umechipua, umenifika kiunoni. Evelyne akaandika karatasi, nikaufunga mwenyewe.

Wiki iliyofuata bwana shamba alikuja kukagua, mara ya kwanza tangu atutangazie mnyauko. Alizunguka kibanja chote akiridhika, akafika jikoni, akasimama.

"Bibi, pole," alisema akiushika utepe. "Huu nao unaumwa?"

"Hapana, waitu bwana," nikamjibu. "Huo umeingia kidato cha tatu."