Suala Lako Limefungwa

Ting.

Sauti ilimfikia kabla hajafumbua macho. Ilikuwa ndogo, kama kijiko kilichogonga ukingo wa kikombe. Ikaja nyingine, kisha mbili kwa mpigo, kama vijiko vimeanza kugombana. Alikuwa amelaza kichwa mezani, shavu juu ya kibao cha herufi. Alipofumbua jicho moja aliona kioo cha kompyuta kimejaa vidoti vyekundu, utadhani kimeota surua.

"Bi Radhi, amka," alisema Redio kutoka meza ya pili. "Wateja wako wanalia."

"Waache walie. Na mimi nalia, nani ananijibu?"

"Wewe huna namba ya kumbukumbu, shoga yangu."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka, kile kinachoishia puani.

Ofisi ilikuwa ya kampuni ya kusafirisha vifurushi, chumba kimoja kirefu chenye feni iliyosukuma joto kutoka ukuta huu hadi ule. Kazi yao ilikuwa kujibu. Aliyepotelewa na mzigo aliandika, aliyefikishiwa kiatu kimoja aliandika, aliyekasirika bila sababu naye aliandika, na wao walijibu. Yeye waliyemwita Bi Radhi alipata jina hilo kwa sababu kila jibu lake lilianza na "Tunaomba radhi kwa usumbufu". Alikuwa ameliandika neno hilo mara nyingi mno. Siku moja muuza duka alipomrudishia chenji pungufu, yeye ndiye aliyeomba radhi.

Redio aliitwa Redio kwa sababu hakuweza kusoma ujumbe kimoyomoyo. Msimamizi wao aliitwa Bosi Nakala, maana hata barua pepe ya kuuliza nani kachukua stepla aliipeleka kwa ofisi nzima, na nakala kwa makao makuu. Kisha watu wangejibu wote kwa pamoja, "Siyo mimi", "Siyo mimi", "Naomba mniondoe kwenye mazungumzo haya", mpaka stepla yenyewe ingeona aibu na kujitokeza.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: kioo safi. Hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na mazungumzo wazi. Ukimaliza na mteja, au mteja akikumaliza wewe, unabonyeza kitufe cha "Funga". Hapo mteja anapokea maneno haya: *Suala lako limefungwa. Tafadhali usijibu ujumbe huu.* Mazungumzo yanapelekwa kabatini, na hata mteja akiandika tena kutoka huko, hayalii. Kabati halina kengele.

Ubaya ni kwamba kampuni haikuwapa simu. Iliunganisha kompyuta na namba zao wenyewe, zile zile walizowapa ndugu na jamaa. Kwa hiyo mama yake Bi Radhi alisimama kwenye foleni moja na wateja, katikati ya mwenye friji lililopinduliwa na mwenye miche iliyofika imekauka. Wala hakuwa na picha yake pale, ila duara la kijivu kama wengine wote.

Na jioni, mtu akiwa amechoka, vidole havichagui. Funga. Funga. Funga. Kisha begi begani, na njia ya nyumbani.

Mchana huo aliwajibu watu kadhaa, akamtumia mmoja kikaragosi cha mikono iliyoshikana, akafuta tangazo la dawa ya kurefusha nywele lililopenya kutoka kwenye taka. Simu yake yenyewe ilikuwa kwenye droo ya chini, kifudifudi, mlio umezimwa. Kupiga simu ukiwa mezani ni kosa. Grupu la ukoo alilinyamazisha zamani. Kule kulikuwa na shangazi wa kutuma maua kila asubuhi, mjomba wa kusambaza habari za vimbunga visivyokuwepo, na binamu aliyekuwa akitoka kwenye grupu kwa hasira kila mwezi na kuomba arudishwe. Nani ana nguvu hizo? Ukubwa ni jalala, waliambiana wahenga, ila hawakusema kwamba siku moja jalala litawekwa mfukoni na kuanza kutetemeka.

"He!" Redio alisema ghafla. "Jamani, njooni mwone mteja huyu. Ameingia kwenye namba kuu ya kampuni." Akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti ya taarifa ya habari. "'Kwa wahusika. Nalalamikia kifurushi kilichopotea. Maelezo ya kifurushi: dada mmoja, mkubwa, mwenye mwanya. Kiliondoka nyumbani kikiwa kizima, na masikio yake mawili.'"

Chumba kikacheka. Bi Radhi naye alicheka, mkono ukienda mdomoni kufunika mwanya.

"'Mpokeaji: mama yake mzazi. Hali ya mzigo: haupokei simu, haufungui grupu la ukoo, na ukiandikiwa unasema suala limefungwa. Mimi mwenyewe, mdogo wake, nimeshafungwa tangu mwezi uliopita.'"

Kicheko kikapungua upande mmoja wa chumba, kama taa zinazozimwa moja moja.

"'Mpokeaji alikuwa apasuliwe jicho kesho asubuhi. Amewaambia hospitali hataki tena. Wasipomwona jioni hii, nafasi wanampa mwingine, na madaktari wa macho wakiondoka hatujui watarudi lini. Kiambatisho kipo hapo chini.'" Redio aliinua macho. Sauti ya taarifa ya habari ilikuwa imemtoka. "Shoga, huyu si ndiye yule mdogo wako, fundi wa kuchomelea mageti?"

Bi Radhi alikwishafika kwenye meza ya Redio. Kiambatisho kilikuwa picha ya kioo cha simu ya mama yake, yenye ufa pembeni. Ujumbe wa sauti wa Mama ulikuwa juu. Chini yake, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kulikuwa na yale maneno: *Suala lako limefungwa. Tafadhali usijibu ujumbe huu.*

Alirudi mezani kwake. Alifungua kabati.

Watu waliojazana humo! Mdogo wake alikuwamo, na rafiki wa shule, na fundi bomba. Mama alikuwa chini kabisa, na sauti mbili ambazo hazikuwahi kusikilizwa. Mama hakuweza tena kusoma wala kutafuta namba, macho yote mawili yakiwa na ukungu. Jirani yake mshonaji alimfundisha jambo moja tu: bonyeza hapa, shikilia, sema, achia.

Alivaa vifaa vya masikio.

"Mwanangu, ni mimi mama yako," ilianza ya kwanza. Mama alijitambulisha kila mara, kana kwamba angeweza kuchanganywa na mtu. "Nimekubali. Mmenisumbua mwaka mzima na hilo jicho, haya, nimekubali. Ila sharti langu ni lile lile. Unishike mkono wewe. Huyo mdogo wako simtaki, ana haraka kama moto wake wa kuchomelea, atamharakisha daktari anitoboe pasipo pake. Nataka wewe. Uso wako ndio wa kwanza nilioutazama nikiwa mama, na siku wakinifungua kitambaa nataka niuanze huo huo. Niambie tu utakuja."

Ya pili ilitumwa baada ya lile jibu.

"Jirani amenisomea ulichoandika. Nikamwambia soma tena. Anasema limefungwa. Basi mwanangu, haidhuru. Sikujua kama nina suala. Nimeambiwa nisijibu, lakini hili si jibu, ni salamu tu. Ule vizuri. Usilale njaa."

Alivua vifaa vya masikio. Kompyuta ililia, *ting*, na mtu fulani akaanza kuandika. Vile vinukta vitatu vikawa vinarukaruka chini ya kioo.

Bosi Nakala alikuwa amesimama nyuma yake, kalamu sikioni. "Kuna tatizo?"

"Naomba ruhusa, bosi. Niondoke sasa hivi. Mama yangu anapasuliwa kesho."

"Pole sana." Alisema kweli, hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa utaratibu. "Niandikie barua pepe. Kichwa cha habari kiwe wazi. Nakala kwa utumishi na kwa mkuu wa kanda."

"Watajibu lini?"

"Watakapojibu."

Alikaa, akafungua ukurasa mpya. Vidole vikaenda vyenyewe: *Tunaomba radhi kwa usumbufu*. Akavitazama kama vidole vya mtu mwingine. Akafuta. Akaandika *Mama yangu*. Akafuta, maana utumishi hawamjui mama yake. Hasira ikampanda taratibu. Haikumlenga bosi wala kampuni, ililenga kile kidole chake cha shahada, kilichobonyeza bila kuuliza ni nani yupo ndani ya duara la kijivu. Aliiacha barua ikiwa rasimu. Alifungua droo, akatoa simu, akapiga, hapo hapo mezani, mbele ya bosi.

Iliita sana.

"Nani?" alisema Mama.

"Ni mimi, Mama."

"Mimi nani? Ofisi, au mwanangu?"

Redio aligeuza uso dirishani.

"Mwanao, Mama. Sikuwa nimekusikiliza. Nilikufunga pamoja na wateja. Nilichoka nikabonyeza."

"Ulinifunga?" Mama alicheka kikavu. "Na mimi nilikubeba tumboni miezi yote ile nikiwa nimechoka, wala sikubonyeza mahali."

"Najua, Mama."

"Hujui. Lakini utajua." Cherehani ya jirani ilisikika ikikimbia na kusimama. "Muuguzi amesema hadi jioni. Mdogo wako yupo hapa mlangoni, anatembea huku na huku kama kuku anayetaka kutaga. Nimemwambia siendi."

"Mwambie akupeleke, Mama. Nipo njiani. Napanda basi sasa hivi, nitalala humo humo."

"Utanitumia meseji nyingine?"

"Hapana."

"Maana kuandika mnaandika sana. Usiniandikie. Sema, nisikie."

Bosi Nakala aliinama karibu. "Una mazungumzo mengi wazi hapa," alinong'ona, akionyesha vidoti vyekundu.

"Yabaki wazi," alisema Bi Radhi.

"Nisukumie mimi," alisema Redio, akivuta kiti. "Bosi, andika hilo, nakala kwa dunia nzima."

Bosi aliitoa kalamu sikioni na kuitazama kana kwamba ilikuwa na jibu.

Bi Radhi alisimama, begi begani, simu sikioni. Alikuwa amechoka kama mtu aliyebeba maji kutoka mbali na bado kilima kipo. Chumba kizima kiliacha kuchapa.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia. Kuona ndiyo sioni."

"Basi sikia. Kesho wakikupasua, mkono wako utakuwa ndani ya mkono wangu. Nikichelewa, wasubiri, usikubali wakuguse. Na siku ya kufungua kitambaa, uso wa kwanza utakaouona ni huu wangu, na mwanya wake. Nakuahidi, Mama. Kwa mdomo wangu."