Mguu wa Kukamulia

Rafaeli alikuwa na jina Karatu nzima. Pale kwenye kituo cha utengamao yeye ndiye aliyewapima wagonjwa na kuwaandikia vifaa vya miguu, na mgonjwa akirudi bila kuvaa chake, ajue leo atayasikia.

Leo zamu ilimwangukia Mama Saruni wa Malambo. Ng'ombe alimpiga teke chini ya goti, na tangu hapo unyayo haunyanyuki, unaburuta tu. Rafaeli alimwandikia kifaa cha plastiki cha kukaza kifundo, mama akatembea korido nzima watu wakimpigia makofi. Sasa amerudi na kidonda kidoleni, na kifaa kimo ndani ya mfuko wa rambo, kipya vilevile.

"Mama, sisi tunahangaika na wewe, kumbe kifaa umekifanya pambo?"

"Nikikivaa natembea, daktari. Ila kuchuchumaa siwezi."

"Uchuchumae ili iweje?"

"Nikamue."

Akaeleza bila kupandisha sauti. Kwao kila mke ana ng'ombe wake, na anayekamua ndiye anayegawa maziwa. Siku hizi ng'ombe wake wanakamuliwa na Naisenya, mke mwenzake. Si mtu mbaya, lakini naye ana wanawe, na hao ndio wanaokunywa kwanza. Mtoto wake yeye, Saruni, husimama mlangoni pa Naisenya na kikombe chake, akingoja kitakachobaki.

Rafaeli aliona haya, haya ya kweli. Alikuwa amemuuliza habari za milima, mawe na viatu. Habari za kukamua wala hazikumjia kichwani. Akaandika upya: kifaa chenye bawaba kwenye kifundo, kinachouzuia unyayo usidondoke lakini kinauacha mguu ukunjike.

Kilipokuwa tayari, mama alikivaa akatembea korido ileile. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

"Haya, chuchumaa," Rafaeli akasema.

Alishuka polepole, kisigino kikabaki sakafuni. Halafu akanyoosha mikono mbele, ngumi zikawa zinakaza na kulegea kwa zamu, hewani. Rafaeli alingoja ainuke, aandike kwamba kifaa kimemkaa vizuri. Mama hakuinuka.

"Ngoja kwanza, daktari," alisema. "Kikombe cha Saruni hakijajaa."