Busta ya Kwenye Kabati

Kazini walimwita Bwana Stoo, na alipostaafu jina lilimfuata nyumbani. Alikuwa ametunza stoo ya kiwanda cha rangi tangu ujana, na kutoa brashi moja mikononi mwake kulitaka ujieleze mpaka mate yakukauke. Kitu kikishatoka, alipenda kusema, hakirudi kizima. Nyumbani mambo yalikuwa yaleyale. Makochi yalikuwa bado na nailoni za dukani, glasi nzuri zilingoja wageni ambao hawakuwahi kuwa wageni vya kutosha, na gari, la otomatiki, lilikaa chini ya turubai, likioshwa mara nyingi kuliko lilivyoendeshwa.

Asubuhi ile gari lilitakiwa kwenda hospitali. Dada yake mkubwa alikuwa anaingia kwenye upasuaji wa moyo kabla ya adhuhuri, na daktari hakuwaficha kitu: wapo wanaoingia na wasitoke. Dada mwenyewe aliomba jambo moja tu, amwone mama yao kabla hajalazwa usingizi. Mama aliwahi kuvunjika nyonga, hivyo pikipiki kwake ilikuwa hadithi. Alikuwa ameshaoga, amevaa gauni lake la heshima, na ameshakalishwa kiti cha mbele, mkoba mapajani.

Bwana Stoo akazungusha ufunguo. Tak. Akazungusha tena, na safari hii hata tak haikusikika. Taa za dashibodi zilififia zikazimika.

"Linapasha moto?" Mama akauliza.

"Linapasha, Mama."

Lilikuwa halipashi chochote. Betri ilikuwa imekufa kwa kukaa bure.

Mkewe akatoka jikoni akijifuta mikono. "Si ile busta ipo?"

Binti yao aliyeolewa mbali ndiye aliyeituma: kidude cha kubustia gari, ukubwa wa tofali dogo, chenye waya mbili fupi na vibanio viwili, chekundu na cheusi. Kina umeme wake ndani, huhitaji gari la jirani. Unakibana kwenye betri, unawasha, unakwenda zako. Bwana Stoo aliipenda mno zawadi ile, ndiyo maana hakuwahi kuigusa. Ilikaa kabatini ndani ya boksi lake, plastiki haijachanwa, ubavuni mwa glasi za wageni.

Akaichana plastiki kwa meno. Akafungua boneti, akabana chekundu kwenye chanya na cheusi kwenye hasi, hapo hakukosea. Akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa kidole.

"Uliwahi kuichaji?" mkewe akauliza.

"Ni mpya hii."

"Nimeuliza, uliwahi kuichaji?"

Kijitabu cha maelezo kilisema ichajiwe kila baada ya miezi michache, hata isipotumika. Kijitabu nacho kilikuwa kipya, hakijawahi kufunguliwa.

"Akiba haiozi," akajitetea, kwa sauti ambayo hata yeye hakuiamini.

"Haiozi, mume wangu, lakini hii imekauka."

Wakaichomeka jikoni. Kati ya taa zake nne, moja ikaanza kupepesa. Mke akampigia dereva teksi wa mtaa. Alikuwa amepeleka abiria mji mwingine, hana dalili ya kurudi. Bwana Stoo akatoka mbio kugonga mageti. Wenye magari walishakwenda kazini, na waliomjibu walikuwa mbwa. Kusukuma nako hakukusaidia kitu, maana otomatiki haiwaki kwa kusukumwa hata ukusanye mtaa mzima. Akarudi jasho likimtiririka, akasimama mbele ya soketi kukitazama kile kijitaa kilichopepesa. Mtu aliyetembea na funguo za ghala zima kiunoni, leo anakibembeleza kijitaa! Aliogopa, na hakukuwa na wa kumwambia kwamba anaogopa.

Taa ya pili ilipoanza kupepesa, hakuvumilia. Mkewe alimsihi aiache ijae kidogo. Mzee aliyetunza kila kitu maisha yake yote akachagua saa hiyo kuwa na haraka. Akaichomoa, akabana, akaingia garini, akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikataka kabisa kuwaka. Kisha busta ikalia piii, ikazima, na gari likanyamaza.

Simu ya Mama ikaita. Aliipokea kwa spika, kwa sababu masikio yake hayakuwa na nguvu tena.

"Mama," dada akasema, "wamekuja kunichukua. Mko wapi?"

Mama akamgeukia mwanawe. Bwana Stoo, mikono kwenye usukani, akatikisa kichwa.

"Tuko njiani, mwanangu. Tumeshakaribia. Wewe ingia tu, ukitoka utatukuta."

"Mbona silisikii gari?"

Bwana Stoo akabonyeza honi. Honi nayo ilikuwa imekufa. Mama akamkazia macho, kama alivyomkazia alipokuwa mtoto. Basi mzee yule mwenye mvi akaiweka aibu kando, akaiinamia simu, akaanza kunguruma kwa mdomo. Vuuuu. Akakanyaga mafuta yasiyokanyagika. Akabadilisha gia. Vuuu-uuuu.

Upande wa pili dada akacheka, kicheko chembamba cha mtu asiye na pumzi ya kutosha.

"Mdogo wangu," akasema, "gari lako si otomatiki? Hizo gia unazitoa wapi?"

Aliendelea kunguruma, machozi yakimwingia mdomoni.

"Haya, endesha taratibu. Umebeba mama yetu."

Sauti nyingine, ya muuguzi, ikasema imetosha sasa, na simu ikakatika.

Bwana Stoo akanyamaza. Mama hakuishusha simu. Alitazama mbele, kwenye ukuta wa uzio, kama mtu anayeangalia barabara.

"Usizime," akasema.

Mwanawe akavuta pumzi, akaendelea kunguruma.