Vishindo vya Ukurasa Uliokatwa

Komeo lilitikiswa gizani. Kwa. Kimya. Kwa-kwa.

Ni mama mkwe huyo, anahakikisha tena mlango aliokwisha kuuhakikisha. Mkwewe alikuwa macho zamani, mtoto kajikunja ubavuni mwake. Tangu usiku ule wanaume walipoingia wakamchukua mumewe, usingizi wa nyumba hii ulikuwa wa mang'amung'amu. Afadhali mtoto, walisema, usiku ule alikuwa amelala fofofo.

Kosa la mume? Alikuwa mpakizi kwenye ghala la nafaka, akasema mbele za watu kwamba magunia yamejaa hadi darini huku mitaani watoto wanalala njaa. Basi. Hajaonekana tena. Mtoto akaambiwa baba kasafiri.

"Na abaki hivyo hivyo na safari yake," mama mkwe alisema asubuhi, akimimina chai. "Huyu Chiriku wako mdomo wake hauna breki. Leo umwambie, kesho shule nzima inajua, keshokutwa wale watu wako mlangoni."

"Mama, jana ameniuliza kama baba ametuchoka."

Bibi akageukia jiko. Mabega yalimshuka kidogo. "Mwache. Atasahau."

Neno lile lilimtafuna mama wa mtoto njia nzima mpaka kazini. Atasahau! Kwa hiyo mwanawe akue akijua baba yake aliwatupa?

Kazi yake ilikuwa kutengeneza milio ya michezo ya redio. Mvua yake ni mchele kwenye ungo. Moto wake, karatasi ya nailoni inayofikichwa. Wenzake walimtania kwamba akikaanga hewa, watu wa chumba cha pili wanakuja na sahani. Siku hiyo hakuna aliyetania. Mtayarishaji aliingia ameshika mchezo uliotoka kwa wakaguzi wa serikali, ule wa familia iliyopitia njaa, alioandika mwenyewe. Ukurasa mmoja ulikuwa mwekundu juu hadi chini.

"Wameua tukio zima, dada. Hakuna tena kukamatwa. Eti mume anaaga, anakwenda kutafuta kazi, na mke anamwambia nenda salama."

"Anamwambia nenda salama?"

"Tena kwa furaha. Wameandika hapa, kwa furaha." Akacheka kicheko kikavu.

"Na milio?"

Akafuatisha kwa kidole. "Wameacha mstari mmoja tu. Vishindo, mlango unafungwa."

"Vishindo vya nani?"

"Hawakusema."

Walitazamana. Mtayarishaji akakohoa, akaenda kufunga mlango wa studio.

Mama Chiriku alivua viatu. Akatoa kwenye sanduku lake mabuti mazito, akayavaa mikononi kama glavu, akainama kwa miguu na mikono, mabuti juu ya ubao. Angekuwa kichekesho siku nyingine. Mabuti yakapiga: du, du, du. Kati ya du na du akaburura nyayo zake tupu juu ya saruji, taratibu, kama za mtu anayesukumwa.

"Anasafiri pekupeku huyu?" mtayarishaji alinong'ona.

"Washa kinasa sauti."

"Dada, wewe una mtoto."

"Ndiyo maana. Washa."

Akawasha.

Jioni mchezo uliporushwa, umeme ulikuwa umekatika nyumbani, wakausikiliza kwa redio ya betri kando ya mshumaa. Mama Chiriku hakutulia. Alikaa, akasimama, akapangusa meza iliyokuwa safi. Redioni mume akaaga. Mke akasema nenda salama, kwa furaha kama alivyoagizwa.

"Mwanamke gani huyu," bibi alinung'unika, "mume anaondoka yeye anachekelea!"

Ndipo yakaja mabuti.

Uso wa bibi ulibadilika. Mkono ukaruka kuizima redio. Mkwewe akaudaka hewani, naye hakuwahi kumzuia mkono tangu aolewe.

"Umefanya nini wewe?"

"Mama, nakuomba. Kidogo tu."

Du, du, du. Na katikati yake nyayo tupu, zikiburuzwa, zikisogea mbali. Mlango ukafungwa. Muziki ukaingia.

Chiriku, ambaye hukatiza hata taarifa ya habari, alikuwa kimya. Kidole chake kilikuwa hewani mbele ya redio, hakishuki. Mama yake akawaza: Nimemtia hofu. Au hakuelewa kitu, nami nimecheza na kazi yangu na mlango wetu bure. Akataka kumpakata, akajizuia. Mkono wa bibi ulikuwa bado ndani ya mkono wake, wala haukuvutwa.

Mtoto alimtazama bibi yake, akamtazama mama yake, kisha akasema kwa sauti:

"Baba alitoka bila viatu."